Wembe wa kunoa na wembe wa kubadili

Ukikaa kwenye kiti cha kinyozi pale Majengo, hapa Dodoma, ukamwambia akumalizie ndevu kwa wembe badala ya mashine, utaona moja kati ya mambo mawili. Ama atachukua wembe wa dukani, aukunje ukiwa bado ndani ya karatasi yake mpaka ukatike katikati, kisha aishike nusu kwa vidole. Ama atatoa kitu chenye mpini unaokunjuka kama kisu cha mfukoni, achomeke ile nusu humo, aanze kukuchonga. Hicho cha pili ndicho kinachochanganya watu. Mteja akiona mpini tu anasema, "Aa, kumbe bado mnatumia ule wembe wa kizamani!" Sio wenyewe. Vinafanana vikiwa vimekunjwa tu.

Ule wa kizamani hasa alikuwa nao babu yangu kule Mpwapwa, umechapwa neno Solingen shinani, mji wa Ujerumani uliojulikana kwa nyembe kama Sheffield ya Uingereza. Kwa kuwa Kiswahili chetu kinaita kila kitu hapa "wembe", mimi nitaita ule wa babu wembe wa kunoa, na huu wa saluni wembe wa kubadili. Majina hayo yanabeba tofauti yote iliyopo: makali yanatoka wapi. Kwenye wa kwanza unayatengeneza mwenyewe. Kwenye wa pili unayanunua, unayatumia, unayatupa.

Wembe wa kunoa ni kipande kimoja cha chuma kigumu. Una mgongo mnene, milimita 4 au 5 hivi, na pande zake zimechimbwa zikaingia ndani kama bonde, ndiyo maana ukikwangua ndevu kavukavu unasikia mlio mdogo. Ule unene wa mgongo haukuwekwa ili wembe uwe mzito. Unapoulaza kwenye jiwe, mgongo na makali vinagusa jiwe kwa pamoja, na upana wa bapa ukiwa milimita 16, makali yanatoka yenyewe na pembe ya nyuzi 16 hivi. Mnoaji habahatishi, wembe umebeba kipimo chake mgongoni.

Hili nililijua nikiwa nimechelewa. Baada ya babu kufariki nilimpelekea wembe wake fundi mmoja wa kunoa visu, wale wenye jiwe linalozungushwa kwa pedeli za baiskeli. Akaunoa kama anavyonoa kisu cha nyama, mgongo ukiwa juu hewani, cheche zinaruka. Ulirudi ukikata nyanya vizuri sana. Ndevu ulizing'oa. Simlaumu mzee wa watu, kazi yake ni visu, na mimi ndiye sikumweleza.

Kunoa kwenyewe ni kazi mbili ambazo watu huzichanganya. Ya kwanza ni jiwe, lile laini kabisa, lenye maji juu yake. Hiyo ni ya mara moja kwa miezi kadhaa kwa mtu anayenyoa nyumbani. Ya pili ni mkanda wa ngozi, na hiyo ni kila unaponyoa, kabla ya povu kugusa shavu. Unauvuta wembe mgongo ukitangulia na makali yakifuata nyuma, ukifika mwisho unaugeuza kwa kuuviringisha juu ya mgongo bila kuyainua makali hewani, unarudi. Mara 30, mara 50. Ngozi haili chuma kama jiwe; inanyoosha ule ukingo mwembamba uliopinda. Ukikosea ukatanguliza makali, umeukata mkanda na umeuua wembe kwa pigo moja.

Kwa nini makali ya chuma yaishe kwa kukata nywele, kitu laini? Watafiti wa Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts walilijibu hili mwaka 2020. Unywele ni laini kuliko chuma cha wembe kama mara 50, lakini ukipinda na kugonga makali kwa pembe, mahali ambapo chuma hakiko sawasawa, unabandua vipande vidogo mno. Kwa hiyo makali hayachakai taratibu tu kama soli ya kiatu, yanamegeka. Ukilowesha ndevu dakika mbili tatu zikanyonya maji, zinakatika kwa nguvu ndogo zaidi. Ndiyo busara iliyomo kwenye "mwenzio akinyolewa, zako tia maji", ingawa waliousema walikuwa na mambo mengine akilini.

Huu wa kubadili ni mtoto wa ndoa ya mambo mawili: umbo la wembe wa babu, na kile kiwembe chembamba chenye makali pande mbili ambacho King Camp Gillette wa Marekani alikipatia hataza, yaani haki ya mvumbuzi, mwaka 1904 pamoja na kishikio chake. Kiwembe hicho kina unene wa sehemu moja ya kumi ya milimita na urefu wa milimita 43. Mpini wa kinyozi unabana nusu yake tu. Hauhitaji jiwe wala mkanda. Leo makali ni yale yale ya jana, kwa sababu ni mapya.

Usoni ndipo vinapotofautiana kabisa. Wa kunoa una uzito, unakaa shavuni kwa utulivu, na pua yake mara nyingi imeviringishwa ili isichome. Wa kubadili ni mwepesi, kona zake mbili ni kali kama sindano, na hausamehe. Ukiubana vibaya kona moja ikajitokeza, utaacha mstari mwekundu kutoka sikioni mpaka kidevuni. Kwa hiyo wanaosema uanze kwa wa kubadili kwa kuwa ni rahisi wanazungumzia mfuko, si ngozi. Lakini mtoto akililia wembe mpe; atajikata mara mbili, ya tatu atajua kulaza mkono: pembe ya nyuzi 30 hivi, ngozi umeivuta kwa mkono mwingine, bila kukandamiza.

Hali ya hewa yetu ya Dodoma nayo ina upendeleo wake. Wembe wa kunoa wa chuma cha kawaida unaogopa kutu, na huku kiangazi kukavu hivi, ukiupangusa tu unadumu. Ndugu yangu wa Tanga asipoupaka mafuta, wiki ya pili ameshaona madoa. Kwa upande mwingine, maji mengi ya visima hapa ni magumu, sabuni inakataa kutoa povu, na yakikaukia kwenye makali yanaacha ukoko mweupe. Pangusa mara moja. Na povu likigoma, tumia maji ya mvua kama unayo.

Saluni, hata hivyo, swali si ladha. Virusi vya homa ya ini aina ya B vinaweza kukaa hai nje ya mwili siku 7, na damu isiyoonekana kwa macho inatosha kuvibeba. Wembe wa kunoa ungehitaji kusafishwa kwa mvuke wa presha kati ya mteja na mteja. Kuufuta kwa spiriti hakutoshi, na jiki inakula chuma. Hakuna kinyozi mwenye foleni ya Jumamosi atakayefanya hivyo. Kwangu mimi hapo mjadala umekwisha: saluni, wa kubadili; nyumbani, chagua mwenyewe. Mpini nao usisahauliwe, maana damu huingia kwenye kibanio.

Kuna jambo moja ambalo wembe wowote kati ya hizi mbili hauliponyi. Sisi wenye nywele za kujisokota, ndevu ikikatwa chini kabisa hujipinda na kurudi ndani ya ngozi, vipele vikaota shingoni. Kadiri wembe unavyokata karibu, ndivyo hali inavyokuwa mbaya. Fuata uelekeo wa nywele, usirudie kwa kinyume, pita mara moja. Kama vipele ni vyako vya kudumu, baki na mashine inayoacha kivuli kidogo.

Ukienda saluni, nenda na wembe wako mfuko wa shati, ungali kwenye karatasi. Vinyozi wa hapa hawakasiriki, wamezoea tangu zamani. Ataukunja mbele yako, nusu ataibana kwenye mpini, na ile nusu nyingine mwambie akurudishie na karatasi yake.