Kwa nini kompyuta huanza kazi ambayo tayari inafanywa?

Usiku wa mwisho wa mwezi, programu niliyomwandikia mfanyabiashara mmoja wa jumla ilituma ankara kwa wateja wake kwa baruapepe. Kulipokucha kila mteja alikuwa na mbili, zinazofanana hadi senti, na wengine walikuwa wameshalipa zote mbili. Iliniuma, kwa sababu kinga nilikuwa nimeiweka. Kabla ya kuanza, programu iliuliza hifadhidata: je, kuna anayefanya kazi hii sasa? Ikijibiwa "yupo", inaondoka. Ikijibiwa "hayupo", inaandika "yupo" na kuanza kazi. Niliamini hilo linatosha.

Asili ya kurudia ni rahisi. Kwenye mifumo endeshi ya Unix na Linux, kazi za ratiba huamshwa na cron, programu iliyokuwamo kwenye Unix tangu miaka ya 1970. Cron husoma ratiba kila dakika na kuanzisha kilichofikia wakati wake; haiulizi kama kazi ya awali imekwisha. Kazi ya kila dakika 5 inayochukua dakika 2 haisumbui mtu, mpaka siku data iongezeke, ichukue dakika 7.

Kwa nini basi kuangalia kwanza hakukutosha? Fikiria nyumba ya kupanga yenye vyumba sita na bafu moja uani. Wapangaji wawili wanachungulia madirishani kwa wakati mmoja, wote wanaona bafu ni tupu, wote wanachukua ndoo. Hakuna aliyedanganywa, bafu lilikuwa tupu kweli walipotazama. Tatizo ni ile hatua kati ya kutazama na kuingia. Kwenye kompyuta hatua hiyo ni ya milisekunde chache, na ndiyo maana niliidharau. Sikuzingatia kwamba tulikuwa tumeongeza seva ya pili, yaani kompyuta nyingine inayoendesha programu ileile, na kwamba saa za seva hulinganishwa kupitia mtandao. Zote mbili ziliamka saa sita kamili usiku, sekunde ileile. Mgongano niliouona kama bahati mbaya ya nadra, ratiba yenyewe ilikuwa inauandaa.

Sasa tundika ufunguo mmoja wa bafu kwenye msumari. Hakuna haja ya kuchungulia tena: unanyoosha mkono, unaupata au unaukosa. Kutazama na kuchukua vimekuwa tendo moja lisilogawanyika, na hapo ndipo siri yote ilipo. Katika hifadhidata, badala ya kusoma kisha kuandika, unatoa amri moja: badilisha "huru" kuwa "imeshikwa", lakini tu ikiwa bado ni "huru". Kisha unauliza ni rekodi ngapi zilizobadilika. Aliyejibiwa 1 anafanya kazi. Aliyejibiwa 0 anaondoka.

Wengi hutumia faili badala ya hifadhidata: faili likiwapo, maana yake kuna anayeifanya kazi hiyo. Hizo ni kandambili zilizoachwa mlango wa bafu. Programu ikifa ghafla, kandambili hubaki na bafu linaonekana lina mtu siku nzima. Wengine huandika ndani ya faili namba ya mchakato, yaani namba ambayo mfumo huipa kila programu inayoendeshwa, wapate kuhakikisha kama bado uko hai. Lakini namba hizo hutumiwa tena. Kwenye Linux kikomo cha kawaida kilikuwa 32,768 kwa miaka mingi, kwa hiyo mgeni anaweza kupewa namba ya marehemu.

Ninachokipenda zaidi hapa ni flock, amri ya kufunga faili iliyokuja na 4.2BSD, toleo la Unix la Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwaka 1983. Hapa ufunguo unatunzwa na kiini cha mfumo endeshi wenyewe, kama mwenye nyumba asiyelala: mchakato ukifa kwa namna yoyote, ufunguo unarudishwa msumarini papo hapo. Kinga hiyo lakini inafaa hasa kwenye mashine moja. Seva zikiwa nyingi, watu hutoa kufuli, yaani haki ya kufanya kazi peke yako, lenye muda wa kuisha, na hapo uhakika hupungua: mwenye kufuli anaweza kusimama kidogo, muda ukapita, mwingine akaingia, kisha yule wa kwanza akazinduka akidhani bado ni zamu yake. Mwaka 2016 Martin Kleppmann, mtafiti wa mifumo ya kompyuta, alieleza dawa ya tatizo hili: kila kufuli litolewe na namba inayopanda, na hifadhi ikatae kuandikiwa na mwenye namba ya zamani.

Kwa ankara niliongeza ulinzi wa pili: hifadhidata haikubali ankara mbili za mteja mmoja kwa mwezi mmoja, hata kufuli likishindwa. Baruapepe, hata hivyo, haina kizuizi cha namna hiyo. Mashine inaweza kuzimika baada ya kutuma na kabla ya kuandika kwamba imetuma. Ukituma kwanza, kuna siku utatuma mara mbili; ukiandika kwanza, kuna siku hutatuma kabisa. Mimi nimechagua kuandika "inatumwa" kwanza, na kila asubuhi karani hupitia zilizokwama katika hali hiyo, akampigia mteja kumuuliza kama ankara imemfikia.