Maboksi mawili yakibaki, kubadilisha hakukusaidii

Nimeulizwa tena. Safari hii ni kijana niliyewahi kumfundisha takwimu. Tulikuwa sebuleni kwao tukitazama kipindi cha maboksi yenye fedha, Deal or No Deal, na mshiriki alikuwa amebakiwa na mawili tu, lake aliloshika tangu mwanzo na jingine la mbele ambalo angeweza kubadilishana nalo, moja likiwa na dola milioni moja. Kijana akaruka kwenye kiti: "Abadilishe! Mwalimu, si wewe uliyetufundisha kwamba ukibadilisha unashinda mara mbili kati ya tatu?" Mama yake akasema tumwache mtu wa watu, ile yote ni bahati tu.

Wote wawili wamekosea, na kosa la kijana ndilo linaloniuma, kwa sababu limetoka darasani kwangu.

Nilichofundisha ni fumbo la milango mitatu, lililopewa jina la Monty Hall, mtangazaji wa Let's Make a Deal, kipindi kilichoanza Marekani mwaka 1963. Mlango mmoja una gari, miwili ina mbuzi. Unachagua mmoja. Mtangazaji, anayejua gari liko wapi, anafungua mwingine wenye mbuzi, kisha anakuuliza kama unabadilisha. Ukibadilisha, unapata gari mara 2 kati ya 3. Mwandishi wa safu Marilyn vos Savant alipoandika jibu hilo katika jarida la Parade mwaka 1990, alimiminiwa barua zipatazo 10,000, nyingine za watu wenye shahada za uzamivu, za kumwambia amepotoka. Hakupotoka. Hilo limekwisha.

Lakini maneno "anayejua gari liko wapi" ndiyo yaliyobeba hesabu nzima, na ndiyo watu wanayoyaacha njiani.

Njoo sasa kwenye Deal or No Deal ya Marekani. Maboksi ni 26. Unashika moja, halafu wewe mwenyewe, usiyejua lolote, unafungua 24. Tuseme mchezo umechezwa mara 26 na bahati imegawanyika sawasawa. Mara moja milioni itakuwa mkononi mwako tangu mwanzo. Mara 25 itakuwa kule kwingine. Katika hizo 25, ni ngapi zitakazofika mwisho milioni ikiwa bado haijafunguliwa? Moja tu. Katika zile 24 nyingine, boksi la milioni linafunguliwa njiani, na ndizo zile jioni tunazoona watu wameshika vichwa. Zinabaki hali mbili: moja milioni iko mkononi, moja iko kwenye boksi la mbele. Nusu kwa nusu. Badilisha, usibadilishe, ni sawa.

Angekuwa mtangazaji ndiye anayefungua, naye akijua na kuikwepa milioni, zile hali 25 zote zingefika mwisho. Hapo ningekuambia badilisha mbiombio.

Hapa ndipo ninapojibiwa kila mara: "Lakini macho yangu yanaona kitu kile kile." Ni kweli, kinachoonekana ni kile kile. Ila mtu akikuletea sinia la mchele usio na jiwe hata moja, unamuuliza: umeuchagua, au umeuchota tu ukatokea hivyo? Kama aliuchagua, usafi wa sinia unakueleza habari za mikono yake, na gunia bado hulijui. Kama alichota tu, umejua jambo kuhusu gunia. Sinia ni lile lile, habari ni mbili. Uwezekano haukai kwenye boksi. Unakaa kwenye njia iliyolifikisha boksi hapo, na mwanafunzi akishalikamata hilo hahitaji kukariri fumbo lolote.

Hata milango mitatu yenyewe sina amani nayo kama walivyo waandishi wa vitabu. Kitabu kinamlazimisha mtangazaji afungue mlango wa mbuzi na akupe nafasi ya kubadilisha, kila mara. Monty Hall mwenyewe alieleza katika New York Times mwaka 1991 kwamba yeye hakufungwa na sharti hilo. Mtangazaji akiamua kukupa nafasi pale tu ulipokwisha kuchagua mlango wa gari, kila anayebadilisha anaondoka na mbuzi. Kuna miaka nililitaja sharti hili kwa haraka mno, na nadhani kosa la yule kijana lilianzia hapo.

Sasa mama yake. Bahati tu? Mwaka 1984 Michael Larson aliingia Press Your Luck, mchezo wa televisheni ambako taa zilirukaruka kwenye ubao wa miraba 18 wa zawadi hadi mshiriki azisimamishe. Alikuwa amerekodi vipindi nyumbani na kugundua kwamba taa zinafuata mipangilio mitano tu. Aliikariri, akaondoka na dola 110,237. Na Ken Jennings hakushinda Jeopardy!, shindano la maswali ya maarifa, mara 74 mfululizo mwaka 2004 kwa kubahatisha.

Kwenye maboksi ustadi upo pia, ila uko kwenye simu ya mwenye benki, yule anayepiga katikati ya mchezo kukupa ofa ya fedha ili uache boksi lako. Wastani wa zawadi zote 26 ni kama dola 131,000. Ofa za mwanzo huwa chini sana ya wastani wa maboksi yaliyobaki, kisha husogea kuukaribia. Utafiti wa Richard Thaler na wachumi watatu wa Uholanzi, uliotoka mwaka 2008, ulionyesha kwamba waliokwisha kupoteza zawadi kubwa huwa wajasiri kupita kiasi. Wanahesabu kilichokwenda badala ya kilichobaki.

Jambo moja bado linanitatiza. Yamebaki maboksi mawili, dola 1,000,000 na dola 100, ofa ni 400,000. Wastani ni 500,050, kwa hiyo hesabu inasema kataa. Mimi ningepokea, na nyumba ningemaliza kujenga. Vitabu vina mchoro wa kupima thamani ya fedha kwa mtu, lakini sijawahi kuamini kwamba mchoro huo unajua ada za watoto wangu. Basi aliyepokea, kisha milioni ikakutwa kwenye boksi lake, msimwite mjinga.

Anayebisha kuhusu nusu kwa nusu akate vipande 26 vya karatasi, kimoja akitie alama, avikunje na kucheza, akiandika matokeo. Ajipe jioni nzima: ni mchezo mmoja tu kati ya 13 unaofika mwisho kipande chenye alama kikiwa bado kimekunjwa.