Umeme ukizimwa, treni ya mafundi inakwendaje?

Juzi barazani kwetu Bububu, Zanzibar, baada ya magharibi, mzee mmoja aliniuliza: "Fundi, hizo treni za chini ya ardhi, mafundi wakiingia njiani si lazima umeme uzimwe? Basi treni yao inakwendaje?" Nimeshughulika na njia za reli miaka mingi na sijaulizwa swali zuri kuliko hilo.

Chukua London. Abiria wakishamalizika usiku, umeme hukatwa, na mafundi wana saa nne hivi tu. Kichwa cha dizeli kingejaza moshi kwenye handaki la upana wa mita tatu na nusu, na watu wamo humo humo. Kwa hiyo hutumia vichwa vya betri: umeme ukiwepo vinauchukua kwenye reli maalumu ya umeme, ukikatwa vinakwenda kwa betri vyenyewe. Mzee akasema, "Kumbe kama mashua yenye mashine na tanga." Ndivyo hasa.

Nyuma ya vichwa hivyo hufungwa mabehewa ya kila namna: ya kubebea reli, ya kokoto, ya winchi. Ninalolipenda zaidi ni la kusagia reli. Magurudumu huacha juu ya chuma mawimbi madogo yasiyofika hata milimita moja, lakini ndiyo yanayoleta kelele na mtikisiko na kulegeza vifungo vya mataruma, yaani magogo yanayolaliwa na reli. Mawe ya kusagia huzunguka kwa kasi, cheche zikaruka, ndiyo maana behewa hilo hubeba matangi ya maji na kurowesha njia. Handakini kuna vumbi la chuma, nywele na karatasi, vitu vya kushika moto. Mimi husisitiza behewa la kufyonza vumbi litangulie, hata kama usiku ni mfupi.

New York, ambako treni za chini zilianza 1904, mwaka mmoja kabla ya Wamarekani kuleta reli yetu ya Bububu, wana pia treni za pampu za kunyonya maji. Oktoba 2012, kimbunga Sandy kilipoingiza bahari mahandakini, zilisukumwa kwa dizeli mpaka ukingoni mwa maji, kwani reli ya umeme haiwashwi majini. Maji yalitoka. Lakini sisi wa visiwani tunaijua chumvi: handaki la njia moja ya treni za huko, iitwayo L, liliendelea kuliwa kutani na kwenye nyaya, na mwaka 2019 mafundi walirudi kulitengeneza upya.