Kujitambua si kuwahi kujibu

Siku hizi hakuna kikao cha wazazi kinachopita bila mtu kusimama na kusema vijana wetu hawajitambui. Msikitini, kanisani, redioni, neno ni hilo hilo. Ukichunguza anayesifiwa kuwa "anajitambua" ni nani, mara nyingi utakuta ni yule aliyeulizwa atakuwa nani akajibu papo hapo, tena jibu lile lile analolitaka mzazi. Anayelaumiwa ni aliyesita, au aliyebadili njia katikati. Matumizi haya yameipindua dhana yenyewe, na wanaoumia ni watoto.

Kwa wataalamu wa saikolojia, kujitambua ni mtu kujiona kuwa ni yule yule jana na leo, kujua anaamini nini na anataka kuyatumiaje maisha yake, na kusimama juu ya hayo. Maana ni hiyo tu. Mjadala wote uko kwenye namna anavyofika hapo.

Aliyeleta mjadala huu ni mwanasaikolojia Erik Erikson, na maisha yake mwenyewe yanafaa kusimuliwa wazazi. Alizaliwa Frankfurt, Ujerumani, mwaka 1902, na hakumjua kamwe baba yake mzazi. Alilelewa na baba wa kambo, Myahudi, daktari wa watoto, aliyetamani kijana naye awe daktari. Shuleni wenzake walimcheka kwa Uyahudi wake. Kwenye sinagogi wakamcheka kwa sababu nywele na macho yake havikufanana na vyao. Alipomaliza shule hakwenda chuo kikuu. Alizurura Ulaya miaka kadhaa akichora, akiacha, akianza tena. Mwaka 1927, akiwa na miaka 25, rafiki yake alimwita Vienna afundishe katika shule ndogo, na huko ndiko alikoingia katika saikolojia, akifunzwa na Anna Freud, mtaalamu wa fani hiyo. Baadaye alihamia Marekani, akapata uraia mwaka 1939, na wakati huo ndipo alipojipa jina la Erikson. Kabla ya hapo alikuwa Homburger, jina la baba wa kambo. Mwishowe alikuwa profesa Harvard bila kuwa na digrii ya chuo kikuu.

Angepita mtaani kwetu akiwa na miaka 22, brashi na rangi mkononi, tungesema hajitambui.

Erikson alikiita kipindi hicho krisisi ya utambulisho, naye hakukusudia balaa wala ugonjwa. Alikusudia njia panda ambayo kila kijana hufika, na ambayo jamii inapaswa kumpa muda wa kuipita. Nasi tunao muda huo hapa Uganda, ingawa hatuuthamini: vakesheni ya S.6, yaani likizo ndefu baada ya mwaka wa sita na wa mwisho wa sekondari. Mitihani inaisha Desemba, chuo kikuu kinafunguliwa Agosti. Karibu miezi minane kijana hana kengele ya shule, na sisi tunaiita miezi ya kupotea.

Mwaka 1966 James Marcia, mwanasaikolojia aliyeiendeleza kazi ya Erikson, alichapisha utafiti wake kuhusu wanafunzi 86 wa kiume wa chuo. Aliwahoji juu ya kazi, dini na siasa. Nyuma ya mahojiano yote alikuwa akitafuta mambo mawili: je, huyu amewahi kupima njia zaidi ya moja? Na je, ameshika mojawapo? Hapo zikatoka hali nne. Asiyepima wala kushika, huyo ametawanyika. Anayepima lakini bado hajashika, anatafuta. Aliyepima akashika, amefika. Na aliyeshika bila kupima, amerithi.

Kwa macho ya nje huwezi kumtofautisha aliyefika na aliyerithi. Wote wawili wametulia. Wote wanajibu kwa sauti ya uhakika, wanaamka mapema, hawawasumbui wazee. Mojawapo ya maswali aliyotumia Marcia kuwatenganisha ni hili: ungekuwa tayari kuiacha kazi uliyoichagua kama ingetokea iliyo bora zaidi? Aliyetawanyika anasema mara moja, naam, hata leo. Aliyefika hufikiri kidogo, husema labda, ila haoni bora zaidi kwake ingekuwa ipi. Aliyerithi hukataa, na sababu anayoitoa ni kwamba ndicho alichokitaka siku zote na nyumbani wameridhika. Katika utafiti huo, waliorithi ndio waliotukuza zaidi utii kwa wakubwa. Walipopewa kazi ngumu ya kufikiri, waliendelea kujiwekea malengo makubwa hata baada ya kushindwa, na walipoambiwa jambo baya juu yao, kujiamini kwao kulishuka kwa urahisi. Walioimudu kazi ile vizuri zaidi ni wale waliofika. Sasa angalia: sifa ya "kijana anayejitambua" tumekuwa tukimpa yule ambaye uimara wake haujawahi kujaribiwa.

Jirani yangu hapa Bombo, Hajji mwenye duka la vifaa vya ujenzi, alinilalamikia juu ya kijana wake aliyemaliza S.6 akiwa amesoma Fizikia, Kemia na Biolojia. Tangu Desemba kijana alikuwa amekaa kwa fundi wa kuchomelea milango, akaacha. Sasa yuko kwa fundi simu, na jioni anawafundisha hesabu watoto wa P.7, darasa la saba la msingi.

"Mwalimu, huyu hajitambui," aliniambia. "Udaktari tumeshauchagua tangu yuko S.3."

"Mliuchagua akina nani, Hajji?"

"Mimi na mama yake."

Nilipita kwa yule fundi simu. Kijana alikuwa ameinamia simu iliyofunguliwa, kibano mkononi, skrubu amezipanga juu ya sumaku kwa mpangilio ule ule zilivyotoka. Alisema kuchomelea kulimshinda kwa sababu ya macho, lakini hapa amegundua kwamba anapenda kutafuta ubovu ulipo kuliko kutengeneza kitu kipya. "Hata udaktari nadhani una hilo, mwalimu. Ila sitaki kumwambia mzee mpaka niwe na hakika ni mimi ninayesema."

Huenda kijana huyo akaishia kuwa daktari, yaani pale pale baba anapotaka. Kupima njia hakumlazimishi mtu kuikataa ya wazazi. Wengi hupima dini ya nyumbani kwao na kubaki nayo, sasa wakiwa na sababu zao wenyewe. Aliyerithi naye anaweza kufika, hata akiwa na miaka 40, siku atakapoanza kujiuliza.

Nimewahi kujibiwa kwamba haya ni mambo ya Wazungu, sisi tuna ukoo. Ni kweli Marcia aliwahoji vijana wa Kimarekani, tena wanaume watupu. Na ukoo ni mali kubwa: Muganda huzaliwa na muziro wa baba yake, yaani mnyama au kitu kinachoutambulisha ukoo, na anajua hawezi kuoa ndani ya muziro huo, Mnubi wa hapa Bombo anajua kizazi chake kilitokana na askari wa Kisudani walioletwa na Lugard, afisa wa Kiingereza, mwaka 1891. Hayo hayachaguliwi, na hakuna anayemtaka kijana ayachague. Lakini muziro haumwambii mtu asomee nini, amwoe nani katika wote anaoruhusiwa, au asimamie jambo gani nchini mwake. Kujitambua tunakokuzungumzia kunahusu hayo yaliyobaki wazi, na ni mengi.

Kwa hiyo nawaomba walimu wenzangu na wazazi: kijana anayejaribu kazi ya tatu ndani ya vakesheni moja, tuseme anatafuta. Tusubiri kumwita ametawanyika mpaka tuone kweli kwamba hajali chochote, maana yupo wa namna hiyo naye anahitaji msaada wa aina nyingine. Na yule aliyejibu haraka kwamba atakuwa mwanasheria, kabla ya kumsifu, tumuulize alifikiria nini kingine na kwa nini alikiacha. Akiwa na jibu, sifa ni haki yake. Akiwa hana, tusimkaripie. Tumpe muda na sehemu mbili tatu za kwenda kujaribu.