Moyo unaodunda ovyo na figo zilizochoka: kiharusi huzuiwaje?

Moyo unahusikaje na kiharusi?
Vyumba vya juu vya moyo vikitetemeka badala ya kusukuma, damu hutuama kwenye kifuko cha chumba cha kushoto na kuganda. Bonge likichomoka, mara nyingi huishia kwenye ubongo.

Mbona daktari anasitasita kumpa mgonjwa wa figo dawa ya kuzuia damu kuganda?
Kwa sababu figo zikifeli, hatari ya kuganda hupanda na ya kuvuja damu hupanda pia. Anayesafishwa damu huwekewa na heparini, nayo dawa ya kuzuia damu kuganda, kwenye mashine. Tena majaribio makubwa ya dawa mpya za kuzuia damu kuganda yaliwaacha nje wagonjwa wa hatua hii, hivyo usishangae madaktari wawili wakitofautiana.

Dawa ipi basi?
Eko ya moyo kwanza, yaani kipimo cha picha ya moyo. Valvu ya mitrali, yaani mlango kati ya vyumba viwili vya kushoto vya moyo, ikiwa imebanwa na ugonjwa wa moyo wa rumatiki, ambao kwetu si adimu, dawa ni warfarini, ile ya zamani. La sivyo, wengi huchagua apiksabani, moja ya dawa mpya: figo hutoa takriban robo yake tu. Dabigatrani, dawa mpya nyingine, hutolewa na figo kwa asilimia 80 hivi, kwa hiyo hujilimbikiza mwilini. Dozi ya apiksabani ni miligramu 5 mara mbili kwa siku. Hushushwa hadi 2.5 mara mbili kwa mwenye mawili kati ya haya: miaka 80 au zaidi, kilo 60 au pungufu, kreatinini (taka ya damu inayoonyesha figo zinavyofanya kazi) mikromoli 133 kwa lita au zaidi. Figo zikichuja mililita 15 hadi 29 tu kwa dakika, miongozo ya Ulaya hutoa 2.5 moja kwa moja.

Mama yetu yuko Ukerewe, ameandikiwa warfarini. Tuangalie nini?
Kabla hajaondoka Hospitali ya Bugando, Mwanza, ulizeni INR, kipimo cha jinsi damu inavyochelewa kuganda, itapimwa wapi karibu na nyumbani. Inatakiwa iwe kati ya 2 na 3. Mwanzoni hupimwa kila baada ya siku chache. Pa kupima pakikosekana, mwambieni daktari palepale abadili mpango. Matembele na kisamvu asiache, ila kiasi kisipande na kushuka, maana vitamini K yake hupunguza nguvu ya dawa. Dawa za maambukizi kama metronidazoli, flukonazoli na kotrimoksazoli hupandisha INR. Rifampisini ya kifua kikuu huishusha.

Aspirini haitoshi?
Haitoshi, na bado inavujisha damu. Dawa za maumivu za dukani kama diklofenaki na ibuprofeni ni mbaya zaidi, kwani huumiza na figo.

Lini kukimbilia hospitali?
Mdomo ukipinda, mkono ukilegea, maneno yakikwama, kichwa kikipasuka ghafla au choo kikiwa cheusi. Tundu la sindano likichelewa kukauka baada ya kusafishwa damu, mwambie muuguzi: huenda heparini ikapunguzwa.