Flashi Yako Haijaharibika

Tangu tuzuie kunakili faili kwenye flashi katika kompyuta za ofisi zetu hapa Mombasa, simu ya dawati la TEHAMA haipoi. Wengi wanalalamika flashi zao zimekufa. Hazijafa. Mmoja alikwenda hadi barabara ya Digo akanunua mbili mpya kabla ya kutuuliza, na zote zikampa jibu lile lile: diski imezuiwa kuandikwa.

Kilichofungwa ni kuandika, si kusoma. Ukija na barua kwenye flashi utaifungua na kuichapisha kama kawaida. Sera yenyewe, yaani mpangilio unaozuia kunakili, imo ndani ya Windows, sisi tumeiwasha tu kutoka kwenye seva. Hatukununua programu ya kuwachungulia, kama inavyovumishwa kantini. Simu zina sera yake mbali, nayo tumeiwasha, kwa hivyo tafadhali acheni kuhangaika na kebo mkijaribu kunakili faili kwenye simu.

Sababu? Majuzi niliingia saiba moja kuchapisha tiketi, nikakuta orodha ya mishahara ya watu imeachwa wazi kwenye kompyuta: majina, nambari za vitambulisho, kila kitu. Mteja alihamisha kutoka kwenye flashi, akachapisha, akaenda zake.

Chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, data ya watu ikivuja na kukawa na hatari ya kweli ya kuwadhuru, taasisi humwarifu Kamishna wa Data ndani ya saa 72 tangu ipate habari. Sheria imesema saa, haikusema siku za kazi. Faini ya kiutawala yaweza kufika shilingi milioni 5, au asilimia 1 ya mapato ya mwaka uliotangulia, kile kilicho kidogo zaidi kati ya hivyo viwili.

Mwenye haja ya kweli atajaza fomu ya ruhusa: faili gani, inakwenda wapi, itarudi lini, na sahihi ya mkuu wa idara (si ya katibu wake). Tutampa flashi ya ofisi iliyofungwa kwa BitLocker (kifungio cha data cha Windows), isiyosomeka bila nywila. Nywila hiyo isiandikwe kwenye kikaratasi kikabandikwa juu ya flashi, tumeshaziona mbili. Ruhusa ni ya siku saba. Neno “dharura” peke yake si sababu, na fomu inayoletwa Ijumaa saa kumi na nusu jioni husomwa Jumatatu.