Je, wajua kwa nini mgonjwa aliyeganda kama sanamu anaweza kudaka mpira?

Mwanamke mzee amekaa kwenye kiti cha magurudumu, kichwa kimeinama, macho yametua mahali pamoja. Haongei. Ukimwita jina hageuki. Daktari mgeni anampima, na kwa bahati miwani yake inaponyoka. Kabla haijagusa sakafu, mkono wa yule mwanamke umeshachomoka ukaidaka. Kisha anarudi kuwa vilevile alivyokuwa, miwani i mkononi mwake, macho palepale.

Onyesho hilo limo katika filamu ya Awakenings, iliyoongozwa na Penny Marshall na kutoka mwishoni mwa mwaka 1990. Robin Williams ndiye daktari, anaitwa Malcolm Sayer, naye Robert De Niro ni Leonard, mgonjwa ambaye mwili wake ulianza kumsaliti tangu alipokuwa mtoto wa shule. Filamu ilipendekezwa kwa tuzo tatu za Oscar, ikiwemo ya filamu bora. Watu wengi huikumbuka kwa machozi waliyomwaga, na wana haki. Mimi kilichonikaa ni ile miwani. Niliirudisha nyuma mara kadhaa nikitazama vile vidole.

Mtu asiyeweza kupeleka kijiko kinywani mwake, amewezaje kudaka kitu kinachoanguka? Maana kudaka kunataka kasi na shabaha kuliko kula. Ndani ya filamu madaktari wenzake Sayer wanalimaliza jambo kwa neno moja: ni mshtuko tu wa mwili, kama goti linavyoruka likigongwa. Lakini goti likigongwa halichagui kitu. Mkono ule ulikifuata kitu kinachokwenda, ukafungua vidole kwa wakati wake, ukakishika bila kukivunja. Mtu alikuwemo humo ndani, na aliona.

Hadithi yenyewe ina mzizi wa kweli. Mwaka 1966 daktari kijana wa mishipa ya fahamu, Oliver Sacks, mzaliwa wa London, alianza kazi katika hospitali ya Beth Abraham, mtaa wa Bronx, New York. Huko alikuta wagonjwa wapatao 80 waliokuwa manusura wa janga moja la zamani. Baadhi yao walikuwa wamekaa hospitalini kwa miongo. Mwaka 1973 aliandika kitabu juu yao, na filamu ilitokana na kitabu hicho, ikabadilisha majina na kubana mambo ya miaka mingi yaonekane kama ya kiangazi kimoja.

Janga lenyewe linahitaji maelezo, kwa sababu Kiswahili kinaweza kutupotosha hapa. Lilikuja kuitwa ugonjwa wa usingizi, lakini sio malale. Malale huletwa na vimelea vinavyosambazwa na mbung'o, na chanzo chake kinajulikana. Huu mwingine, ambao madaktari huuita ensefalitisi letajika, ni uvimbe wa ubongo ulioenea duniani kati ya miaka ya 1916 na 1927 hivi. Daktari Constantin von Economo wa Vienna aliueleza mwaka 1917. Mtu alianza na homa na koo kuuma, kisha akazama katika usingizi ambao hata akiamshwa na kujibu swali, alirudi nao papo hapo. Wengine kinyume chake walikosa usingizi kabisa mpaka wakafa kwa kuchoka. Wagonjwa walikuwa wengi mno, na idadi kubwa walipoteza maisha. Chanzo hakijathibitishwa mpaka leo. Wako wanaoyashuku yale mafua makubwa ya mwaka 1918, ila visa vya kwanza vilitangulia mafua hayo.

Ukatili wake mkubwa ulikuja baadaye. Wapo waliopona, wakarudi shuleni, wakaoa na kuolewa, wakashika kazi. Kisha, miaka mingi baada ya ile homa kusahaulika, mkono ukaanza kukakamaa. Hatua zikafupika. Sauti ikafifia, uso ukaacha kucheka, na siku moja mtu akakaa asiinuke tena. Hali hiyo inafanana na ugonjwa wa Parkinson, ule ambao daktari Mwingereza James Parkinson aliuandikia mwaka 1817, ila kwa wengi wa manusura hawa ilifika mbali zaidi.

Sasa turudi kwenye mkono wa yule mwanamke.

Katikati ya ubongo, chini kabisa, pana eneo dogo la seli nyeusi. Weusi wake si wa kusema tu, kwa sababu ukiukata ubongo wa mtu mzima aliyekuwa na afya unauona kwa macho, unatokana na rangi iliyo jamaa ya ile ya ngozi. Seli hizo hutengeneza kemikali inayoitwa dopamini na kuipeleka kwenye viini vilivyozama ndani ya ubongo, ambavyo kazi yao mojawapo ni kuruhusu mwendo uanze. Wewe ukitaka kuinuka kitini huwazi msuli huu wala ule. Unataka tu, na umeinuka. Kati ya kutaka na kuinuka pana mlango, na dopamini ndiyo inayoulainisha ufunguke. Homa ile iliteketeza zile seli nyeusi. Kwa mgonjwa wa Parkinson hufa polepole kwa miaka. Pande zote mbili matokeo ni mamoja, yaani misuli haijapooza, mifupa ni mizima, nia ipo, ila mlango haufunguki.

Fikiria gari lililokufa betri. Injini haina kasoro na mafuta yamejaa, lakini ukigeuza ufunguo hulisikii hata likikohoa. Watu wawili wakija nyuma wakalisukuma, linawaka. Ubongo nao una njia ya kusukumwa. Mwendo unaoanza kwa nia ya mtu mwenyewe hupita sana kwenye vile viini vinavyotegemea dopamini. Mwendo unaoitwa na kitu cha nje, kama mpira unaokujia, mstari ulio mbele ya mguu au pigo la ngoma, unaweza kupitia njia nyingine: kutoka macho au masikio, kwenda sehemu za ubongo zinazopima umbali na mahali, pamoja na ubongo mdogo wa kisogoni, kisha moja kwa moja kwenye maeneo yanayoamuru misuli. Kwa wagonjwa hawa njia hiyo mara nyingi imebaki salama. Kwa hiyo mpira ukirushwa, ndio unaowasukuma. Daktari Sayer anaeleza hivyo kwa namna yake katika filamu, kwamba mgonjwa ameazima nia ya mpira, na sijapata maelezo mafupi yanayokaribia ukweli kuliko hayo.

Onyesho la pili ninalolipenda ni la sakafu. Mgonjwa yuleyule anainuliwa kitini na kuanza kutembea kuelekea kwenye bomba la maji ya kunywa, halafu anasimama ghafla katikati ya ukumbi, kama aliyefika ukutani. Kila siku ni palepale. Sayer anahangaika mpaka anatazama chini: vigae vyenye michoro vimeishia hapo, mbele yake sakafu ni tupu. Anapiga magoti pamoja na muuguzi wake, wanaendeleza ile michoro kwa rangi hadi upande wa pili. Anapoinuliwa tena, mwanamke anaupita mpaka ule, analipita na lile bomba, anakwenda hadi dirishani. Kumbe hakuwa akitafuta maji siku zote zile.

Huo si uzushi wa waandishi wa filamu. Daktari wa London, James Purdon Martin, alikuwa ameshawachunguza manusura wa janga hilohilo na katika kitabu chake cha mwaka 1967 alieleza jinsi mistari ilivyochorwa sakafuni ikamfanya aliyeganda atembee. Na mistari ilipaswa kukingama, kama ngazi iliyolazwa chini. Ikilala sambamba na njia haimsaidii, kwa sababu haina cha kuvuka. Leo zipo fimbo zinazomulika mstari wa mwanga mbele ya mguu wa mgonjwa wa Parkinson kwa kanuni hiyohiyo. Mwaka 2010 madaktari wa Uholanzi walieleza habari za mgonjwa mmoja aliyeshindwa kupiga hatua chache bila kuganda, lakini akipandishwa baiskeli anakanyaga pedali na kukata kona kama mzima. Akishuka tu, anaganda tena.

Kama unaishi na mgonjwa wa Parkinson anayeganda mlangoni au kwenye kona, jambo hili si la sinema kwako. Kumvuta mkono kwa nguvu kunaweza kumwangusha, maana kiwiliwili kitakwenda na miguu itabaki. Mwache atulie kwanza. Kisha weka mguu wako mbele ya wake, umwambie auvuke. Au mhesabie moja, mbili, tatu kwa mwendo sawa, au mwimbie wimbo anaoujua. Wengine huanza kwa kuyumba taratibu kushoto na kulia, halafu hatua ya kwanza inapatikana. Na tafadhali usimwambie kwamba jana uliweza, leo unajidekeza. Jana palikuwa na kitu kilichomsukuma.

Dawa ya kuulainisha mlango ule, levodopa, nayo ina safari yake. Mwaka 1957 Mswidi Arvid Carlsson aliwapa sungura dawa inayokausha kemikali za ubongo wao, wakaganda, masikio yamelala. Akawachoma sindano ya levodopa, na baada ya muda mfupi walikuwa wakirukaruka. Kazi yake juu ya dopamini ilimpa tuzo ya Nobel mwaka 2000. Mwaka 1960, katika mji uleule wa Vienna, Oleh Hornykiewicz na mwenzake walipima bongo za marehemu waliougua Parkinson wakakuta dopamini imekaribia kwisha. Lakini huwezi kumpa mtu dopamini yenyewe, kwani kuta za mishipa ya damu ya ubongo huizuia isipite. Levodopa ni malighafi inayoruhusiwa kupita, na ikishaingia ndani seli zinaigeuza kuwa dopamini. Ilipatikana kwanza kwenye maharagwe, mwaka 1913, na imejaa pia kwenye mbegu za upupu, mmea ambao sisi tunaujua kwa kuwasha tu. Mwaka 1967 George Cotzias, Marekani, alionyesha kwamba ukianza na kipimo kidogo na kukipandisha polepole hadi gramu kadhaa kwa siku, mgonjwa wa Parkinson hupata nafuu kubwa.

Mwaka 1969 Sacks alianza kuwapa dawa hiyo watu wake wa Bronx. Waliokuwa kimya kwa miongo wakasema. Waliokaa kama magogo wakasimama wakatembea. Filamu inamwonyesha Leonard akikutwa usiku, ameketi mezani peke yake, ameandika jina lake mwenyewe. Kabla ya hapo alikuwa amemwelekeza daktari, herufi moja baada ya nyingine, kwenye shairi la Rainer Maria Rilke kuhusu chui aliyefungiwa tunduni. Sijui namna nyingine ambayo mtu aliyenyamazishwa angeweza kutwambia alikuwa wapi miaka yote hiyo.

Kisha ikaharibika, na sababu yake inatoka kwenye zilezile seli nyeusi. Seli nzima hupokea dopamini, huihifadhi na kuitoa kidogokidogo kwa kipimo. Pale ambapo karibu zote zimekufa hakuna ghala. Kila kidonge kinakuja kama mafuriko kisha kiangazi: saa hii mwili unarukaruka wenyewe, shingo inajipinda, mikono inatupwa huku na huku, saa inayofuata mtu ameganda tena. Na sehemu za ubongo zilizokaa miaka na kiu ya dopamini huwa nyepesi mno kuitikia tone dogo. Mgonjwa wa kawaida wa Parkinson bado ana seli kadhaa, ndiyo maana levodopa humfaa kwa miaka, hasa tangu ilipoanza kuchanganywa na dawa ya pili, kabidopa, inayoizuia isigeuzwe nje ya ubongo na kuleta kichefuchefu. Mpaka sasa ndiyo dawa kuu ya ugonjwa huo.

Nina lalamiko moja juu ya filamu. Inamwacha mtazamaji akidhani wote walirudi kule walikotoka ndani ya kiangazi kilekile. Katika kitabu Sacks anaeleza kwamba baada ya misukosuko wako waliopata uwiano, wakaishi miaka wakiwa na hali bora kuliko ile ya kuganda, japo si ile ya siku za kwanza za furaha.

Lakini kuna dakika moja ambayo filamu imeipatia kabisa. Leonard yuko katika chumba cha kulia cha hospitali na Paula, binti anayekuja kumtembelea baba yake mgonjwa. Mwili wa Leonard haumsikii tena. Bega linaruka, kichwa kinatupwa, mkono hautulii. Amekuja kumwambia kwamba hawataonana tena. Anampa mkono wa kuagana, na Paula hauachi. Anauchukua na kuuweka kiunoni mwake, anaushika ule mwingine, anaanza kucheza polepole, hatua kushoto, hatua kulia. Bega bado linaruka. Anaendelea, kushoto, kulia. Taratibu bega linashuka, kichwa kinatulia, na miguu ya Leonard inafuata ya Paula katikati ya meza.